Soksi nyekundu za mwaka wa Joka

"Wewe ni mnyama gani?"

Kwetu Makunduchi, kusini ya Unguja, swali hilo lingezua ugomvi. Ilikuwa Januari 2012, mjini Nanjing, China, nilikokuwa nasoma, nimesimama jikoni kwa mwenye nyumba wangu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, naye anakata kitunguu na kuniuliza hivyo kama mtu anayeuliza umekula nini. Nilimwita Ayi. Huko kila mwanamke wa rika la mama huitwa hivyo, na neno lenyewe ni mama mdogo. Nikamwambia nimezaliwa Machi 1988. Hakuhitaji kuhesabu. "Joka," akasema, kisha kisu kikasimama. "Basi mwaka unaoingia ni wako. Jiangalie."

Nilidhani ananipongeza. Nani asingefurahi kuambiwa mwaka ni wake? Kumbe kwa Wachina, ambao kila mwaka wao una mnyama wake kati ya 12, mwaka wa mnyama wako, unaorudi kila baada ya miaka 12, ndio mwaka wa kujihadhari. Wanauita benmingnian. Husemwa mwaka huo umemkabili Tai Sui, mtawala wa mwaka, na mkubwa hakabiliwi hivyo bila adabu. Kinga yake ni kitu chekundu kinachogusa mwili: mkanda, nguo ya ndani, uzi wa mkononi, na bora ununuliwe na mwingine kuliko kujinunulia. Mwaka wa Joka uliingia tarehe 23 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ayi alinikabidhi jozi tatu za soksi nyekundu kama pilipili iliyoiva.

Baba aliziona kwenye picha niliyomtumia, akanipigia. "Hiyo ni hirizi?"

"Ni soksi, Baba."

"Zina kazi gani?"

"Kuzuia baridi."

Sikudanganya. Nanjing iko kusini ya mto Huai, na mabomba ya serikali ya kupasha nyumba moto, yanayohudumia miji ya kaskazini, hayafiki huko. Baridi yenyewe si ya theluji nyingi. Ni ya unyevu, inaingia mpaka kwenye godoro. Ndani ya nyumba tulivaa makoti. Soksi za Ayi nilizivaa zote tatu kwa zamu mpaka Machi, na nadhani Baba alielewa zaidi ya alivyosema, maana hakuuliza tena.

Nimesema Makunduchi kwa sababu. Mtu aliyekulia kule hawezi kuwacheka Wachina kwa kuupa mwaka tabia. Kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na wazee hutazama moshi unaelekea wapi, wajue mwaka mpya umekuja na nini. Babu yangu, mvuvi, hakuhesabu kwa Januari wala Februari. Alihesabu kwa miongo, siku kumikumi tangu Nairuzi, ndiyo siku hiyo ya Mwaka, miongo 36 na siku tano za ziada, na kwa hesabu hiyo alijua lini upepo wa kusi utakaza na lini pweza watapatikana. Wachina nao wana vipindi 24 vya jua, kila kimoja cha siku kama 15, vya kumwambia mkulima lini apande na mgonjwa wa kifua lini ajifunike. Nilipomweleza Ayi habari za miongo alisema tu, "Babu yako alikuwa mtu mwenye akili." Tangu siku hiyo nikawa msikivu zaidi kwake.

Alinifundisha mengi, mengine ya kweli, mengine ya jikoni. Idadi ya 12 yenyewe ina asili yake angani. Sayari ya Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 11.86, na watazamaji wa nyota wa Kichina wa kale waliigawa njia yake mafungu 12. Tai Sui alikuwa kama kivuli cha Mshtarii kilichobuniwa kwenda upande wa pili, ili hesabu iwe nyepesi. Wanyama walikuja kupachikwa juu ya hesabu hiyo. Kisha kuna mashina 10, alama za miaka zinazozunguka sambamba na wanyama, zinazobeba mambo matano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Kumi na 12 zikizungushwa pamoja hukutana tena baada ya miaka 60. Ndiyo maana 2012 haukuwa mwaka wa Joka basi. Ulikuwa wa Joka la Maji, na Joka la Maji halitarudi mpaka 2072. Aliponiambia hivyo nilijikuta nahesabu umri nitakaokuwa nao. Themanini na nne.

Sasa Ramadhani.

Mwaka ule iliangukia Julai 20. Nanjing, pamoja na Wuhan na Chongqing, ni miji ambayo Wachina wenyewe huiita matanuri, na kuanzia katikati ya Julai huingia sanfu, siku za joto kali kuliko zote za mwaka. Tulikuwa tunakula daku kabla ya saa tisa na nusu usiku na kufuturu baada ya saa moja jioni. Mchana nilikuwa kwenye maabara ya udongo, nasomea uhandisi wa ujenzi, nabeba sampuli. Usiku nilikwenda msikiti wa Jingjue, mtaa wa Sanshan, kusali tarawehe na kina mama wa Kihui, Waislamu wa Kichina, walionipa tikitimaji lililotoka kwenye barafu. Nikirudi nalala saa sita, naamka saa nane na nusu. Siku ya kumi na moja nilianguka kwenye ngazi.

Jambo la kwanza lililonijia kichwani, nalisema kwa aibu, ni kwamba Machi niliacha kuvaa soksi nyekundu.

Ayi alinichukua kwa teksi hadi hospitali ya tiba ya Kichina. Mtu asidhani ni kibanda cha mizizi. Ilikuwa jengo la ghorofa nyingi lenye namba za foleni, mashine za kupima damu, na dirisha la dawa ambako wafanyakazi walipima majani na magome kwa mizani kutoka kwenye droo za mbao zinazojaza ukuta mzima. Nje ya chumba kimoja kulikuwa na msururu wa watu waliovua mashati, wanabandikwa mgongoni viraka vya dawa vilivyosagwa kwa mbegu za haradali na maji ya tangawizi. Wana pumu na kikohozi cha kila baridi, na hujibandika siku za joto kali kwa imani kwamba ugonjwa wa majira ya baridi hutibiwa kiangazi.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akanyamaza, akahamia wa kulia. Akaniambia nitoe ulimi. Akauliza naenda choo mara ngapi, nalala saa ngapi, nakunywa nini kwanza ninapofuturu, hedhi yangu ikoje. Nilikuwa sijawahi kuulizwa na daktari nalala saa ngapi. Ulimi wangu, alisema, una utando mzito na alama za meno pembeni: unyevu umekaa ndani, na mimi nauongezea kwa maji ya barafu. Halafu akaandika kipimo cha damu, hichohicho cha hospitali yoyote. Majibu yalitoka baada ya nusu saa: damu pungufu, na upungufu wa maji mwilini.

Ayi hakuweza kuvumilia. "Ni mwaka wake huu," akamwambia daktari, "mwaka wa Joka."

Daktari alicheka. "Joka au sungura, mtu anayelala kwa muda wa saa mbili na nusu tu na kubeba udongo juani ataanguka."

Aliniambia nifungue siku chache, nikafungua nne, nikazilipa baadaye. Alinipa vidonge vya madini ya chuma, vya kawaida kabisa, na pakiti za majani ya kuchemsha ambayo yalinuka kama shuka la msafara. Nilichoshika zaidi ni maagizo ya chakula. Futuru kwa kitu cha vuguvugu. Uji mwepesi wa mchele. Maji ya choroko zilizochemshwa na sukari kidogo, yasiwe ya barafu. Kunazi nyekundu zilizokaushwa, tano kwa siku. Na adhuhuri ulale nusu saa, hata kama kichwa kipo mezani. Nilimwambia choroko sisi hula kwa nazi na kunazi watoto wa kwetu huziokota chini ya miti. Akashangaa kwamba nimekuja kutoka mbali hivyo kuambiwa nile vyakula vya nyumbani.

Yapo maneno nilikuwa nayatamka tangu utotoni bila kuyasikia. Bibi yangu alikuwa na baridi yabisi. Baridi, na yabisi, yaani ukavu: ndilo jina tulilolipa gonjwa la viungo, kutoka tiba ile ya Waarabu iliyogawa kila kitu kwa moto na baridi, umaji na ukavu. Wachina gonjwa hilohilo huliita fengshi, upepo na unyevu. Sisi tumelaumu ukavu, wao wamelaumu majimaji, na goti linaloumwa ni hilohilo! Kadhalika kuumika. Mara ya kwanza Ayi aliponionyesha mgongo wake wenye duara nyekundu za vikombe nilimwambia kwetu hufanywa kwa pembe na huitwa chuku, na masheikh huita hijama. Hakuamini mpaka nilipomtafutia picha.

Kufanana huko kulinilevya kwa muda. Ukiona watu wawili wasiojuana wamesema jambo moja, unadhani lazima ni kweli. Wanaweza pia kuwa wamekosea njia moja. Kilichonirudisha chini ni pakanga. Yupo mmea wa jamii ya pakanga, qinghao kwa Kichina, ambao tabibu Ge Hong aliuandika karne ya 4 kwa homa za vipindi: uloweke kwenye maji, ukamue, unywe. Miaka ya 1970 mwanasayansi Tu Youyou aligundua kwamba kuchemsha kunaiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo ya moto mkali, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kila Mtanzania aliyemeza dawa mseto ya malaria ameonja kazi hiyo. Lakini ili jani moja lifike kwenye kidonge, majani mengi mno yalijaribiwa yakatupwa. Ayi alikuwa akinionyesha lililobaki. Yaliyotupwa hayakuwa na wa kuyasimulia.

Nilirudi Unguja 2014.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa, na Joka likarudi Februari 10, 2024, safari hii Joka la Mti. Mwezi ule nilikuwa napiga hesabu ya miaka 36 na kujiona mzee. Ayi alinitumia ujumbe mrefu kwenye WeChat. Soksi alikuwa ametuma kwa mwanafunzi mmoja anayerudi likizo. Aliongeza alichosikia kwa madaktari wa kwao wanaosoma mwaka kwa ile elimu ya mizunguko mitano na hewa sita iliyomo katika Huangdi Neijing, kitabu chao cha tiba cha takriban miaka 2,000. Hapo mambo huwa magumu kidogo: shina la mwaka ule kwa jina ni mti, lakini kwa hesabu ya tiba hugeuka udongo, tena udongo uliozidi, na juu yake hutawala hewa ya baridi ya maji. Kwa ufupi: mwaka wa unyevu na baridi. Lindeni matumbo, msile vya baridi, jifunikeni.

Masika ile ilivyonyesha tunaikumbuka wote. Mafuriko bara, mafuriko Kenya, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja pwani yetu, jambo tusilolizoea. Nilimwandikia Ayi: umesema kweli, maji tupu. Nilikuwa tayari kusilimu kwenye dini ya mizunguko mitano. Mume wangu, anayefanya kazi za hali ya hewa, hakunipa nafasi. Alisema mvua zile zilitangazwa kabla hazijaanza, kwa kutazama El Niño na joto la Bahari ya Hindi, wala hakuna aliyehitaji joka. Mwaka 2024 ulipokwisha akanionyesha kingine: ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu dunia ianze kupimwa. Unyevu walipatia. Baridi wakakosea kwa umbali usiopimika. Na mimi Mei nilikuwa nimeshika ule upande uliopatiwa peke yake.

Ila kabla ya kuambiwa hayo nilikwisha kujiumiza.

Unyevu ulinitisha, kifua kikaanza kukohoa, nikanunua kwa muuzaji wa mtandaoni majani ya "kuondoa unyevu", ya pakiti, matamu. Utamu huo ulikuwa wa urukususu, gancao kwa Kichina, mzizi unaotiwa kwenye dawa zao nyingi ili kuzipatanisha. Kwa kipimo na kwa siku chache ni mwenzi mwema. Mimi nilikunywa vikombe vitatu kwa siku, wiki sita, maana ni dawa ya asili, inadhuru nini? Miguu ikavimba. Kichwa kikawa kinagonga asubuhi. Nilidhani ndio unyevu wenyewe umezidi, nikaongeza kikombe cha nne.

Kwenye kituo cha afya mashine ya presha ilisoma 158 kwa 98. Nilikuwa sijawahi kuvuka 120. Daktari, kijana wa umri wa mdogo wangu, aliniuliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akanyamaza, akaniuliza tena kwa namna nyingine: "Dada, unakunywa nini?" Nikamletea pakiti. Alisoma viambato, akapima potasiamu, imeshuka. Akanieleza kwamba urukususu mwingi hulifanya figo lishike chumvi na kumwaga potasiamu, presha ikapanda. Niliacha. Wiki tatu baadaye presha ilikuwa imerudi ilikotoka.

Nilimwambia Ayi nikitarajia atajitetea. Alikasirika, lakini kwa upande nisioutegemea. Nani alikupa gancao wiki sita? Nani alikushika mkono kabla ya kukupa? Kwao dawa ya pakiti haitolewi kwa mwaka, hutolewa kwa mtu, tena hubadilishwa kila wiki mtu anapobadilika. Mwaka, alisema, ni kama utabiri wa mvua: unakwambia uchukue mwavuli, haukwambii una homa. Nikamwuliza mbona basi ananitumia soksi. "Soksi ni soksi," akasema.

Kisha nikaanza kufanya kazi ambayo nadhani ingepaswa kufanywa tangu nilipoteremka kwenye ndege 2014. Majira ya vitabu vya Kichina ni manne, na ushauri wote umefungwa humo: majira ya kuchipua lala kwa kuchelewa kidogo uamke mapema, ya baridi lala mapema ungoje jua, siku za sanfu kula tangawizi na baridi kula figili. Kwa kalenda yao majira ya kuchipua huanza karibu na Februari 4. Februari 4 Unguja ni kaskazi, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa. Nimewahi kuwaona hapa watu wanaofuata kalenda ile kama ilivyo, wanakunywa vya kuamsha ini wakati mwili unalilia maji na kivuli.

Nikarudi kwa Babu. Nikaandika daftari kwa masika, kipupwe, vuli na kaskazi, na pembeni nikaandika mwili wangu unafanya nini. Masika: kifua, na mtoto hupata malaria kama chandarua kimetoboka, kwa hiyo chandarua kabla ya mvua, si baada. Kipupwe: viungo vya mama mkwe, tangawizi na mdalasini kwenye chai yake, na kumlazimisha atembee. Kaskazi: mimi hukojoa kidogo na kuumwa kichwa, hivyo maji, maji ya choroko, na usingizi wa adhuhuri ambao watu wa Mji Mkongwe walikuwa nao kabla hatujajifunza kuona haya kulala mchana. Karafuu nimeiandika kila msimu kwa sababu jino langu haliheshimu majira. Na kila mwaka wa Kichina unapoingia nampima presha kila mtu nyumbani kwangu. Tarehe ile ninayo kichwani, mnyama ananikumbusha, basi na afanye kazi.

Mwaka wa Farasi uliingia Februari 17, 2026, Ramadhani ikiwa mlangoni. Mwezi wao huanza mwandamo ukiwa gizani bado, wetu hungoja jicho liuone, hivyo safari hii tulipokezana. Ayi alipiga simu ya picha. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakuniuliza mimi, alimtaka mwanangu. Amezaliwa 2020, Panya, na Panya hukaa mkabala kabisa na Farasi, pande mbili za duara, kwa hiyo mwaka huu ni yeye wa kuangaliwa.

"Mimi sitaki panya," mtoto akasema. "Nataka chui milia."

Nikatafsiri. Ayi akamweleza kwamba siku wanyama waliposhindana, panya alipanda mgongoni kwa ng'ombe, na walipokaribia mwisho akaruka mbele, akawa wa kwanza kuliko wote, chui milia akiwa bado yuko mtoni. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama huo si wizi. Sikupata jibu la kumtafsiria.

Soksi zake zilikuwa zimefika wiki moja kabla, jozi moja, ndogo, nyekundu ileile. Alizivaa kumwonyesha Ayi, akarukaruka mbele ya simu, akashangiliwa. Simu ilipokatika alizivua palepale sebuleni. Kaskazi ilikuwa kali, saa tano asubuhi, na sakafu ya saruji ndiyo sehemu pekee ya baridi nyumbani.

Nikaenda kuleta mashine ya presha.